Msiba Uliobandikwa Ukutani

Habari hii alinipa Mildred mwenyewe, mwaka wa tisini na sita, wakati wa kuvuna maharagwe. Tulikuwa tunapura nyuma ya jiko lake, pale Mayoni. Alisimulia mpaka gunia likajaa. Kisha akaniambia, kwa heshima ya kumwita bibi mzee, "Kukhu, andika. Na jina langu usilifiche." Basi sikulificha.

Mildred alikuwa mke wa diwani. Mumewe, Phineas Shitanda, alichaguliwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na mbili. Kabla ya hapo alikuwa karani wa kupima miwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Ukimwambia mlango wako umevunjika, anakuja na nyundo kabla hujamaliza kusema.

Wakati wa kampeni watu walimwambia neno moja tu. "Madiwani tunawachaguanga, halafu hatuwaoni tena mpaka kura nyingine."

Phineas akaapa kwamba yeye hatapotea. Alipochaguliwa, alichonga ubao. Akaupigilia ukutani kwa Swaibu, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni. Alijua anachofanya. Kila nyumba inakula obusuma, ugali wetu, na kila anayekula obusuma lazima apite kwa Swaibu. Juu ya ubao aliandika kwa rangi nyeupe: DIWANI ANASEMA.

Kila Jumatatu na kila Alhamisi karatasi mpya ilibandikwa. Phineas alisema, Mildred akaandika. Mwandiko wa Phineas ulikuwa kama nyayo za kuku. Mwandiko wa Mildred ulikuwa mkubwa na wa mviringo, wa kusomeka hata ukisimama mbali. Ulikuwa mwandiko wa mwalimu. Mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri, Mildred alifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma. Darasa lilikuwa katika chumba cha kanisa. Wakristo na Waislamu walikaa benchi moja.

Karatasi za diwani zilipendwa sana. Zilisema daraja gani limebomoka na daktari wa ng'ombe anakuja lini. Zilisema pia habari za watu: nani amezaa pacha, mtoto wa nani amepita mtihani, nani amefiwa. Hizo ndizo zilizopendwa kuliko zote. Watu wakikutana njiani waliulizana, "Umesoma diwani?"

Lakini Mildred alianza kuwa na wasiwasi tangu Pasaka. Phineas alikuwa amemwandikisha kwamba pampu ya maji itafika kabla ya Pasaka. Jumatatu ya Pasaka wanawake walikuja na mitungi. Pampu haikuwepo. Baraza la madiwani lilikuwa halijakaa hata kuizungumzia.

"Mimi nilisema natumaini itafika," Phineas alijitetea.

"Baba Wendy, hukusema natumaini. Mimi ndiye niliyeandika."

"Haya, watasahau."

Hawakusahau. Walimsamehe tu, kwa sababu walimpenda.

Katika darasa la Mildred alikuwemo Asiya. Alikuwa mjane, Mwislamu, muuza samaki wa kukaanga pale sokoni. Alikuwa amepita miaka hamsini. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Raisa, aliyeolewa Lumakanda. Raisa alikuwa akimwandikia mama yake kila mwezi.

"Nimechoka kusomewa barua za mtoto wangu," Asiya alisema siku ya kwanza. "Msomaji anacheka kabla mimi sijajua kichekesho."

Darasa zima lilicheka. Lakini Asiya hakuwa anatania. Alisoma kwa bidii kuliko wote.

Mildred alikuwa na namna yake ya kufundisha. Aliandika neno ubaoni, akalifunika kwa kiganja. Kisha alisogeza kiganja polepole, silabi moja, halafu nyingine, ili mwanafunzi asibahatishe. Asiya hakuwa na subira. Alikuwa akiinuka na kumsukuma mwalimu mkono.

"Toa mkono, mwalimu! Nimeshaiona!"

Mwezi wa saba mwaka wa tisini na tatu, Raisa alipelekwa hospitalini Kakamega kujifungua. Jumatano habari njema ilifika Mayoni. Ni msichana. Mama amechoka, lakini ni mzima. Asiya alipita kwa majirani akiwaambia, "Alhamdulillahi, nimepata bibi mwenzangu."

Alhamisi alfajiri Raisa alivuja damu. Hakuona jua.

Asubuhi hiyo Phineas alikuwa Kakamega. Mkutano wa madiwani ulikuwa umechelewa kwisha siku iliyotangulia, akalala kwa binamu yake mtaa wa Shieywe. Akitoka kwenda kutafuta gari la kurudi, alikutana na Abdulnasir, shemeji yake Raisa. Macho ya Abdulnasir yalikuwa mekundu.

"Diwani, Raisa ametutoka alfajiri, pale hospitalini. Niko njiani kumchukua mama yake. Lakini kwanza napita Mumias kumchukua shangazi. Yeye ndiye wa kumwambia."

"Pole sana, ndugu yangu! Pole sana!"

Phineas hakuuliza zaidi. Alipata gari la haraka. Saa nne na nusu alikuwa nyumbani, akiita kabla hajafika mlangoni.

"Mama Wendy! Leta karatasi. Leo ni Alhamisi."

Mildred alileta karatasi na kalamu. Phineas alisema huku akitembea chumbani. Mildred aliandika mstari wa kwanza, wa pili, kisha akaweka kalamu chini.

"Raisa? Raisa wa Asiya?"

"Huyo huyo. Maskini."

"Asiya ameambiwa?"

"Wako njiani. Abdulnasir anakuja na shangazi. Watu wakisoma, yeye atakuwa ameshajua."

"Si tungoje?"

"Tungoje nini? Nikichelewa watasema diwani alijua akanyamaza. Mtu amefiwa, mimi nisitoe pole? Andika, mke wangu."

Mildred akaandika. Hilo ndilo alilonirudia mara tatu wakati tunapura maharagwe. "Kukhu, nilijua, na bado nikaandika."

Karatasi ilisema hivi: *Diwani wenu Phineas Shitanda anatoa pole kwa Mama Asiya wa Mayoni kwa kufiwa na binti yake Raisa leo alfajiri. Mwili uko hospitali ya Kakamega. Diwani yuko pamoja nanyi.*

Mildred alikwenda kwa Swaibu na gundi yake ya unga. Alipaka, akabandika, akalainisha pembe nne. Alipogeuka, akamwona Asiya.

Asiya alikuwa amebeba kikapu cha wimbi kichwani. Alikuwa amevaa leso mpya. Alikuwa anatabasamu tangu mbali.

"Mwalimu, mulembe! Swaibu, nisagie huu vizuri, ulainike. Ni wa uji wa mzazi! Mimi kesho niko Kakamega."

Mildred aligeuka akaweka viganja vyote viwili juu ya karatasi.

Asiya akaangua kicheko. "Aa! Leo unanipima hapa sokoni? Mbele ya watu? Haya, nipime."

"Mama, twende kwanza nyumbani kwako."

"Nyumbani kufanya nini? Unaona haya, nitakuaibisha? Toa mkono, mwalimu."

Akaushika mkono wa Mildred, akausogeza, kama alivyozoea. Kisha akaanza kusoma kwa sauti. Alitaka foleni nzima imsikie.

"Di-wa-ni we-nu. Diwani wenu! Phi-ne-as Shi-ta-nda. A-na-to-a po-le kwa Ma-ma A-si-ya." Akapiga makofi. "Hee! Ni mimi! Jamani, niko ukutani!"

Wanawake wa foleni waliokwisha kusoma waliinamisha vichwa. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Mama, acha." Asiya hakumsikia. Kidole chake kilikuwa kinafuata maneno.

"Kwa ku-fi-wa na bi-nti..."

Akanyamaza. Kidole kilisogea peke yake. Kilifika kwenye jina, kikasimama. Akalisoma jina lile mara mbili, bila sauti, midomo tu. Kisha akamtazama Mildred.

"Mwalimu, nimesoma vibaya?"

Mildred alitikisa kichwa kukataa.

Swaibu alizima mashine. Kikapu kilianguka, wimbi ukamwagika chini. Wanawake walikimbia kumshika Asiya, lakini aliwaponyoka. Karatasi ilikuwa imesema Kakamega. Akakimbilia barabarani. Gari la kwenda Kakamega lilikuwa linaondoka. Akalisimamisha, akapanda bila viatu. Mildred alimfuata akiita, lakini gari lilikuwa limekwenda.

Haikupita nusu saa, gari la Abdulnasir likafika nyumbani kwa Asiya likiwa na shangazi na wazee wawili. Mlango ulikuwa umefungwa. Walipoambiwa yaliyotokea, shangazi alikaa chini kwenye majani.

"Amekwenda Kakamega kufanya nini?" alilia. "Maiti haiko Kakamega. Tangu asubuhi iko Lumakanda. Wanawake wanamngoja yeye waanze kuosha."

Waliligeuza gari. Walimtafuta hospitalini, wakamkosa. Yeye alikuwa ameambiwa pale kwamba maiti imechukuliwa, naye ametoka kutafuta gari la Lumakanda, bila viatu, akiuliza huku na huku. Kule Lumakanda walingoja mpaka adhuhuri, wakangoja mpaka alasiri. Desturi ya dini yao ni kutochelewesha maiti. Jua likaelekea kuzama. Wakaosha, wakaswali, wakazika.

Asiya alifika magharibi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Alichokuta ni kaburi. Uso wa mtoto wake hakuuona.

Siku zilizofuata Phineas alikula kidogo. Lakini bado alijitetea.

"Mimi nilitoa pole," alisema. "Nilikosea nini? Neno la uongo sikuandika."

Aliyemjibu alikuwa jirani yao, mzee Philemon. Huyu alikuwa mfanyakazi wa posta Mumias kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kupeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli. Alikaa kwenye kiti cha nje, akaomba maji, akanywa, ndipo akasema.

"Uliandika maiti iko hospitali. Uliiona?"

"Hapana."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza. Nilidhani."

"Basi uliandika ulichodhani. Sasa sikiliza, mwanangu. Nimebeba simu za vifo zaidi ya mia. Simu ya kifo hatukumpa mtu njiani hata siku moja. Nikimkuta mama mtoni, nilimsalimia nikapita. Nilikwenda kwao nikatafuta mzee wa nyumba, au dada yake. Mama hapewi msiba akiwa amesimama. Anaketishwa, wenzake wanakaa karibu, wa kumshika wapo. Wewe hii huijui?"

"Naijua, mzee."

"Unaijua kwa mdomo. Kalamu yako haijafundishwa."

Mildred, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliacha kuchambua.

"Mimi Philemon nikisema pampu inakuja, watu watacheka," mzee aliendelea. "Wewe ukisema, wanaleta mitungi. Mimi nikisema maiti iko Kakamega, mtu atauliza tena. Wewe ukiandika, anapanda gari. Kwa nini? Kwa sababu walikupigia kura. Hawasomi karatasi ya Phineas, wanasoma serikali. Mtu wa kuchaguliwa hana kalamu ya kuchezea."

"Kwa hiyo niung'oe ubao?"

"Nani amesema uung'oe? Ubao ni mzuri. Watu wamejua habari za daraja. Lakini kabla hujaandika, jiulize: habari hii ni ya nani? Kama ni ya baraza, baraza limeikubali? Kama ni ya nyumba ya mtu, mwenyewe amekuambia uiseme? Na umeipata kwa wangapi? Mmoja hatoshi. Halafu iache ilale siku moja. Habari ya kweli haiozi kwa siku moja."

Phineas alisimama. "Leo hii naandika msamaha. Nitaandika, Mama Asiya, mimi diwani wako..."

"Umeanza tena!" mzee Philemon alimkatiza. "Amekuruhusu umwandike? Jina lake limekaa ukutani mara moja, limemtosha. Kwake nenda kwa miguu, bila karatasi. Ukutani andika kosa lako tu."

Mildred aliinua kichwa. "Na mimi, mzee?"

"Wewe vipi?"

"Mimi niliuliza, kisha nikaandika."

Mzee alimgeukia. "Siku nyingine, ukiuliza, usishike kalamu mpaka ujibiwe."

Alhamisi iliyofuata karatasi ilikuwa fupi. *Wiki iliyopita niliandika habari ya msiba ambayo haikuwa yangu kuisema. Sikuwauliza wenyewe. Niliandika pia jambo ambalo sikulihakikisha. Kosa ni langu, Phineas Shitanda. Si la baraza.* Ilikaa ukutani mwezi mzima, mahali palepale.

Phineas na Mildred walikwenda kwa Asiya. Walivua viatu mlangoni. Phineas alisema kosa lake lote. Asiya alisikiliza akiwa ameangalia mkeka.

"Nimesikia," alisema.

Tangu siku hiyo Phineas alibadilika. Habari za pampu hakuziandika tena mpaka baraza lilipopitisha. Zile zilizokuwa maoni yake mwenyewe aliziandika chini kabisa, akisema, haya ni yangu. Na mzee Philemon alisoma kila karatasi kabla ya gundi.

Mwezi wa tisa trekta la miwa lilipinduka karibu na mto. Dereva wake, Lusweti, alifariki. Phineas alikuwa wa kwanza kufika pale. Watu kwa Swaibu walimzunguka. "Diwani, ni nani? Andika basi!" Akawaambia, "Mwenye nyumba hajajua. Nendeni mkasage unga wenu." Wengine walimtukana. Walisema siku hizi amekuwa bubu. Yeye alipanda baiskeli, akamtafuta kaka mkubwa wa Lusweti shambani. Jioni mama yake Lusweti aliambiwa akiwa ameketi, dada zake wawili kila upande. Siku ya tatu kaka huyo alikuja mwenyewe kwa diwani. "Sasa tunaomba utuandikie siku ya mazishi." Akashika mkono wa Phineas kwa mikono miwili. "Asante kwa kunyamaza."

Hilo lilikuwa jema. Lakini Asiya hakupona kwa wema uliofanyiwa wengine. Samaki hakuuza tena. Darasani hakuja. Majirani walisema mwanamke huyu hapati usingizi, anakaa tu mpaka kunakucha. Mildred alimpelekea uji kila asubuhi. Siku moja Asiya alizungumza.

"Unajua kwa nini silali, mwalimu? Nikifumba macho namtafuta Raisa. Nataka kuona alivyokuwa mwisho. Simwoni. Naona mwandiko wako."

Mildred alirudi nyumbani, akamwambia mumewe, "Kesho nakwenda Lumakanda."

"Kufanya nini?"

"Kumtafuta mtu aliyeuona uso wa Raisa."

Safari hii aliuliza kila jambo kwanza. Aliuliza kwa Abdulnasir. Aliuliza kwa mume wa Raisa. Aliuliza kwa wazee wao. Walipokubali, alipelekwa kwa bibi mmoja, Aminah, ambaye kazi yake ni kuosha maiti za wanawake. Alikuwa ndiye aliyemwosha Raisa.

Aminah alisita. "Mwoshaji hasemi mambo ya maiti. Tunayoyaona pale yanabaki pale." Kisha akafikiri. "Lakini jema husemwa. Na mwenye haki ya kulisikia ni mama. Nitakuja. Na mtoto tutamleta amwone bibi yake."

Walifika Mayoni Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri. Mvua ilikuwa inaanza. Wanawake wa Mayoni walikuwa wamekwisha kuambiwa. Walikaa mkekani kumzunguka Asiya, bega kwa bega. Mildred alitaka kubaki nje, lakini Asiya alisema, "Ingia. Kaa."

"Salaam aleikum, dada yangu," Aminah alisema.

"Waaleikum salaam."

"Mimi ndiye niliyemwosha mwanao kwa mikono hii. Uliza unalotaka. La jema nitakuambia."

Asiya alikamata pindo la leso yake. Mvua ilipiga mabati.

"Uso wake," alisema mwisho. "Ulikuwaje?"

"Ulikuwa umetulia. Paji la uso halikuwa na kunjo. Mdomo ulikuwa umefungwa vizuri, sikuufunga mimi. Pale chini ya kidevu kulikuwa na alama ndogo."

"Aliangukia mtungi," Asiya alisema upesi. "Alikuwa na miaka minne."

"Basi ilikuwepo. Na nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu. Upande wa pili zilikuwa wazi. Nadhani uchungu ulimkuta bado anasukwa."

Asiya alitoa sauti. Haikuwa kilio, wala haikuwa kicheko. "Alikuwa hivyo. Hakuweza kukaa akasukwa akamaliza."

"Tulizifumua zote, tukaziosha, tukazisuka mafungu matatu, kama inavyotakiwa. Nikazilaza nyuma. Mikono yake niliiosha mwisho. Nilimwambia, mama yako yuko njiani. Nilimwambia hivyo mara nyingi, kwa sababu tulikuwa tunakungoja."

Ndipo Asiya akalia. Alilia kwa nguvu, na wenzake wakamshika, huyu mkono, huyu bega, huyu mgongo. Mildred alimshika miguu. Hakusukumwa. Walikaa hivyo mpaka kilio kikapungua, kikabaki pumzi tu.

Aminah aliweka mtoto mapajani pa bibi yake. Alikuwa amepewa jina la mama yake, Raisa. Asiya alimtazama kidevu, akakigusa. Mtoto alipiga miayo, akalala.

"Na wewe lala kidogo," Aminah alisema. "Tuko hapa."

Asiya alilala ubavu mkekani, mtoto kifuani. Alifumba macho. Wanawake walingoja wamwone akiyafungua tena. Hakuyafungua. Baada ya muda mdomo wake ulilegea, akaanza kukoroma taratibu.

Mmoja mmoja wanawake walijifunika leso wakatoka, wakitembea kwa vidole. Aminah, aliyechoka kwa safari, aliegemea gunia na kusinzia. Mvua haikuacha. Mildred alibaki mkekani, mkono wake ukiwa bado juu ya mguu wa Asiya. Aliogopa kuutoa asije akamwamsha. Alisikiliza pumzi tatu zile, ya bibi, ya mtoto na ya mgeni. Alizihesabu mpaka akapoteza hesabu. Kichwa chake kikashuka polepole ukutani, naye akalala.